Pikipiki Isiyolia Piki

Neno pikipiki limezaliwa na sikio. Injini ya silinda moja ya mapigo manne hulipua mara moja katika kila mizunguko miwili, na inapounguruma polepole milipuko yake husikika mmoja mmoja. Tukutuku, jina lake jingine, nalo ni mlio mtupu. Bodaboda ndilo lenye anwani: mpaka wa Busia, tena lilianza na baiskeli.

Sasa nenda Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Boxer ya Bajaj, na taa yake ya mviringo ya kizamani, hutoka dukani ikilia kwa adabu. Mwenyewe haridhiki. Fundi wa jua kali anashonea kiti ngozi bandia ya rangi mbili, anachomelea gadi ya mbele, anafunga nyuma mpira wenye maandishi unaokaribia kufagia lami. Mwisho sailensa inafunguliwa na kutolewa matumbo. Ikiwashwa, haisemi tena piki, inabweka.

Sheng imelikwepa tatizo la jina lisilolingana tena na mlio kwa kusema nduthi. Lakini kazi yenyewe ya fundi tuiiteje? Vijana husema kupimp, kiungo cha Kiingereza kisichopikika vizuri. Kupamba ni kwa bibi harusi. Safu hii inapendekeza kunakshi, kitenzi cha wachonga milango wa Lamu, ingawa kina kasoro: nakshi hupendeza macho, na hiyo sailensa ya Kitengela huamsha mtaa mzima saa kumi alfajiri.