Jani Chungu na Damu ya Siku ya 28

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo safari yetu ya historia inaanzia Juba, mtaa wa Hai Jalaba. Kwa Kiarabu cha Juba, "hai" ni mtaa, na "jalaba" ni jina walilopewa wafanyabiashara waliotoka kaskazini mwa Sudan wakaja kusini kutafuta soko. Wewe uliyeishi Juba kabla ya Desemba 2013, au kabla ya Julai 2016, unaukumbuka ule mti unaotoa kivuli mbele ya maduka na kwenye nyua za watu. Pale huitwa nim. Sisi wa Kiswahili tunauita mwarobaini, kwa kuwa wazee walisema unatibu maradhi arobaini.

Mtoto akishikwa na homa, na zahanati ikiwa mbali au imeishiwa dawa, mama huchuma majani ya mti huo, huyachemsha, humnywesha. Wengi mnaonisikiliza mmefanya hivyo, na huenda homa ilishuka kweli. Swali letu la leo ni hili: homa iliposhuka, vimelea vya malaria vilikwenda wapi?

Kabla ya kulijibu, tukumbuke watu walirudije kwenye majani. Kulikuwa na dawa iliyoaminika kuliko zote, klorokwini. Iligunduliwa Ujerumani mwaka 1934, ikawa rahisi na ikapatikana hadi dukani kijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, vimelea visivyokufa kwa dawa hiyo vilionekana Kolombia na mpakani mwa Thailand na Kambodia. Miaka ya 1970 ilipokuwa inaisha, vilikuwa vimefika Kenya na Tanzania. Huo ndio usugu: kimelea kimoja kinanusurika na dawa, kinazaa, mbu anakibeba kwenda kwa mtu mwingine, na baada ya miaka wanaobaki ni wa ukoo huo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vita vya Sudan vikiwa havijaisha, madaktari walizipima dawa tatu kwa watoto wadogo wa Kajo Keji, kusini mwa Juba, jirani na mpaka wa Uganda. Klorokwini ilishindwa kwa watoto walio wengi sana. SP, ile ambayo wengi mnaijua kwa jina la Fansidar, ilishindwa kwa zaidi ya nusu. Amodiakwini ilishindwa kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne. Tafsiri yake nyumbani ni kwamba mama alitembea, akapanga foleni, akampa mwanawe vidonge vyote kama alivyoelekezwa, na mtoto akabaki mgonjwa. Mimi simlaumu mtu aliyesema basi, afadhali majani.

Tena majani yana heshima yake katika historia hii. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti wa milima ya Andes, Amerika Kusini, na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820. Lakini hadithi inayotuhusu zaidi ni ya China. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa sababu klorokwini ilikuwa haiwasaidii tena wanajeshi. Mama mmoja mtaalamu wa dawa, Tu Youyou, aliingizwa katika kazi hiyo mwaka 1969. Yeye na wenzake walikusanya mapishi ya kale kama 2,000, wakajaribu mamia ya dondoo za mimea. Mmea uitwao qinghao, ambao kitaalamu ni artemisia, ulifanya kazi leo na kesho ukashindwa.

Tu akarudi kwenye vitabu. Katika kitabu cha mganga Ge Hong, cha miaka 1,600 hivi iliyopita, akakuta agizo la kuloweka mmea huo katika maji na kuukamua. Hakuna kuchemsha! Akafikiri kwamba huenda moto ndio ulioharibu dawa. Akatumia njia isiyohitaji joto kali, na Oktoba 1971 dondoo namba 191 iliua vimelea vyote katika panya na nyani. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili waliinywa kwanza wao wenyewe, kuona kama ina sumu, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Hapo ndipo ilipotoka artemisinini, iliyo ndani ya dawa mseto mnayopewa kambini leo. Tu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi kwetu. Wasikilizaji wa Burundi, Rwanda na Kivu mnaujua mubirizi. Waganda huuita mululuza. Ni ule mti mdogo wenye majani machungu kupita kiasi. Novemba 1987, katika milima ya Mahale, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwa wale mliovuka kutoka Kongo, mtafiti Michael Huffman na mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyejua dawa za kwao, walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya shina changa la mubirizi na kufyonza maji yake. Siku iliyofuata alikuwa amechangamka. Mzee Mohamedi alisema hata watu wake huutumia mti huo. Sokwe yule inadhaniwa alisumbuliwa na minyoo, si malaria, lakini habari ile iliwafanya wanasayansi wengi wautazame mti huo upya.

Nchini Uganda, chai ya mubirizi ilijaribiwa kwa wagonjwa wa malaria isiyo kali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Siku ya 14, asilimia 67 ya wagonjwa walikuwa wamepata nafuu ya kuridhisha. Ukiishia hapo, utapiga vigelegele. Ila watafiti waliendelea kutazama damu kwa hadubini. Kati ya hao waliopata nafuu, asilimia 32 tu ndio damu yao ilikuwa safi, na kwa wengi wa hao wenye damu safi vimelea vilirudi baadaye.

Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe, hata usipokunywa kitu. Na mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi ana kinga kiasi mwilini mwake. Jani dhaifu likimsaidia kidogo, mwili unamalizia. Mtoto mdogo bado hajaijenga kinga hiyo. Mjamzito hupungukiwa nayo. Na mkimbizi aliyetoka milima yenye baridi, tuseme Masisi, akashushwa kwenye kambi ya joto yenye mbu, huyo naye hana. Kikombe kilichomfaa jirani kinaweza kumwacha yeye na vimelea vinavyozaana. Ndiyo maana majaribio ya dawa ya malaria humfuata mgonjwa hadi siku ya 28 au zaidi, hata kama amesharudi shambani.

Mwarobaini wenyewe? Katika maabara, baadhi ya kemikali zake huua vimelea ndani ya chupa. Ndani ya mwili wa panya nguvu hiyo hupungua sana. Na mafuta ya mbegu zake, tafadhali sana, asinyweshwe mtoto mchanga. Hospitali zimerekodi watoto waliopata degedege na kuzimia kwa ajili yake.

Kuna na wale wanaosema: kama artemisia ndiyo iliyotoa dawa, si tuipande uani tunywe chai? Jambo hilo lilipimwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na taarifa ikatoka mwaka 2004. Wagonjwa 132 waligawanywa, wengine chai, wengine kwinini. Siku ya saba, chai ilikuwa imetibu kwa wastani asilimia 74, kwinini asilimia 91. Kisha malaria ikawarudia wengi wa wanywaji wa chai. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi, nami naona sababu yake ina uzito: kikombe kina artemisinini kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachovifundisha vimelea kuizoea.

Mali walikwenda njia nyingine, na naipenda. Kwanza walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza: mlipougua malaria mlitumia nini, na ikawaje? Gugu moja la miiba lenye maua ya njano, Argemone mexicana, lilitajwa na watu waliopona wote. Likajaribiwa kwa wagonjwa 301, sambamba na dawa mseto. Waliotumia gugu, asilimia 89 hawakuhitaji dawa ya pili. Waliotumia dawa mseto, asilimia 95. Angalia lakini kilichohesabiwa: kuhitaji dawa ya pili, si damu kuwa safi. Na mbegu za gugu hilo zina sumu, kwa hiyo usiende kulichuma.

Barabara ya Juba kwenda Nimule huvuka mpaka na kuendelea hadi Gulu. Huko Gulu, mwaka 2021, watafiti walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 240 waliopewa dawa ya jamii ya artemisinini, 14 walikuwa na vimelea vilivyochelewa kufa. Usugu umefika jirani. Dawa mseto bado inatibu kwa kuwa ina dawa mbili: artemisinini hupiga haraka na kutoweka mwilini, mwenzake hubaki akisaka waliojificha. Katika pakiti unayopewa kituoni baada ya kipimo, vidonge vya siku ya pili na ya tatu, vile ambavyo watu huviweka akiba homa ikishashuka, ndivyo vinavyokwenda kwa hao waliojificha.

(Muziki unapanda.)