Kujihami kabla ya hatari: maana yake kwetu watu wa Temeke

Wadau, kujihami ni kuishi ukijua ipo siku msaada utachelewa, hivyo unajiandaa mwenyewe mapema. Marekani wapo wanaochimba mahandaki na kujaza vyakula vya makopo. Sisi somo letu ni mabomu: maghala ya JWTZ yalilipuka Mbagala 29 Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto 16 Februari 2011. Jumla watu zaidi ya 40 walikufa, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao wakikimbia. Makopo yangesaidia nini hapo? Mimi hapa Kurasini nasema kujihami ni dumu la maji, vyeti kwenye mfuko mmoja, na mtoto kukariri namba ya simu ya mzazi na mahali pa kukutana. Mdau, wanao wanaijua yako?