Gesi Haiishi: Mabomba ya Viyoyozi vya Spliti na Kazi Isiyolipiwa

Katika miji ya pwani yetu, kuanzia Mtwara hadi Lamu, kiyoyozi kikiacha kupoza hukumu hutolewa kabla kifuniko hakijafunguliwa: gesi imeisha. Fundi huitwa, huunganisha geji kwenye mashine ya nje, hufungua mtungi, hutazama mshale ukipanda, hulipwa na kuondoka. Mwaka unaofuata hurudi. Ofisi nyingi zimeshaiingiza safari hiyo kwenye bajeti ya matengenezo, kando ya oili ya jenereta na dawa ya mende.

Makala hii inapinga desturi hiyo tangu kwenye msingi wake. Gesi ya kiyoyozi haiungui kama petroli. Huzunguka katika mfereji uliofungwa, hubeba joto la chumbani na kulitupa nje, kisha hurudi ilikotoka na uzito uleule. Ikipungua, imevuja. Na pa kwanza pa kushukiwa ni mabomba, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya mfereji huo isiyotengenezwa kiwandani. Kompresa, koili na vali hutoka kiwandani zimekaushwa, zimenyonywa hewa na kupimwa uvujaji. Mita chache za shaba zinazoziunganisha, pamoja na maungio manne ya fleya, mawili ndani na mawili nje, hutengenezwa na mtu aliyesimama juu ya ngazi. Mtu huyo anakamilisha kazi ya kiwanda, lakini soko humlipa kama mbebaji mizigo. Fedha yenyewe huja baadaye, anapoitwa kujaza gesi. Kwa maneno mengine, tumepanga malipo yetu hivi kwamba uvujaji una faida kuliko uzima.

Tuanze na kipenyo, maana hapo ndipo usanifu hupuuzwa zaidi. Mashine ya BTU 12,000, yaani kilowati 3.5 za upoozaji, ikitumia R-410A huzungusha takriban gramu 21 za gesi kwa sekunde. Katika bomba la kurudishia lenye kipenyo cha inchi 1/2, mvuke huo hukimbia kwa kasi ya karibu mita 6 kwa sekunde. Mtu akifunga bomba la inchi 3/8 kwa sababu ndilo lililobaki kwenye gari, kasi hukaribia mita 11, huku upotevu wa presha ukizidi mara tano, kwani upotevu hukua karibu kwa nguvu ya tano ya kupungua kwa kipenyo. Kwa mwendo wa mita 15, makadirio yangu ni kwamba bomba la kwanza hupoteza nusu nyuzi ya joto la uvukizaji na la pili nyuzi mbili na nusu. Chumba bado kitapoa, na hapo ndipo tatizo lilipojificha: kitapoa polepole, kompresa ikifanya kazi kwa saa nyingi zaidi, na gharama itaonekana kwenye mita ya luku, mahali ambapo hakuna atakayemuuliza fundi.

Je, bomba kubwa ndilo salama basi? Hapana. Katika inchi 5/8 kasi hushuka chini ya mita 4 kwa sekunde. Kila kompresa hutupa oili kidogo pamoja na gesi, na oili hiyo hurudi nyumbani kwa kukokotwa na mvuke. Kwenye mlalo kasi hiyo inatosha. Kwenye bomba linalopanda wima vitabu hutaka mita 5 au zaidi, la sivyo oili hubaki ikining'inia ukutani mwa bomba na kompresa huanza kujisaga yenyewe kwa kukosa kilainishi. Kipenyo kinachoandikwa na mtengenezaji ni mapatano kati ya mahitaji haya mawili yanayovutana, na fundi hana sababu ya kuyavunja.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vyenyewe huchangia kulipotosha. Mafunzo mengi ya majokofu hufundisha kwamba bomba jembamba hubeba kimiminika cha moto chenye presha kubwa, hivyo halihitaji sponji. Kwenye mitambo mikubwa ni kweli. Lakini katika spliti nyingi za ukutani, kapilari au vali ya kutanulia iko ndani ya mashine ya nje. Gesi hushuka presha kabla ya kuanza safari ya kuingia ndani, kwa hiyo bomba jembamba nalo ni baridi, na limebeba mchanganyiko wa kimiminika na mvuke. Dar es Salaam mwezi Machi, hewa huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi chini ya 23 hivi. Bomba lenye nyuzi 10 lililoachwa uchi hutiririsha maji mchana kutwa. Mwenye nyumba akiona doa la maji darini humlaumu fundi bomba wa ghorofa ya juu. Mabomba mawili yavikwe sponji kila moja peke yake, maungio yavikwe baada ya kupimwa, na ya nje yakingwe na jua kwa trankingi, kwa maana sponji nyeusi ya mpira hupasuka ikipigwa na jua la pwani miaka michache tu.

Sasa tuingie kwenye ungio lenyewe. Bomba hukatwa kwa kikatio cha gurudumu, wala si kwa msumeno wa chuma unaoacha vumbi la shaba ndani. Baada ya kukatwa, ukingo wa ndani hubaki na makali yaliyojikunja, nayo hukwanguliwa mdomo wa bomba ukiwa umeelekezwa chini ili chembe zidondoke nje. Kisha nati huvishwa (kila fundi amewahi kutanua mdomo mzuri akakumbuka nati iko mezani), mdomo hutanuliwa kwa pembe ya nyuzi 45, na uso wake hutazamwa: uwe laini, upana sawa pande zote, bila ufa wala mkwaruzo. Kukaza ndiko kunakoamua yote. Nati ya inchi 1/4 hutaka kati ya nyutoni-mita 14 na 18 hivi. Ya inchi 1/2 hutaka kama 50 hadi 60. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara tatu, na mkono uliozoea spana moja huipuuza: huikaza ndogo mpaka mdomo unasagika na kuwa mwembamba kama karatasi, huku kubwa ikiachwa nusu. Ungio la kwanza litavuja baada ya miezi, mtetemo wa kompresa utakapokuwa umemaliza kazi. La pili litavuja tangu siku ya kwanza, ila taratibu kiasi cha kufikisha mwaka. Spana yenye kipimo cha kukazia hugharimu fedha, lakini sijaona kifaa kingine katika kazi hii kinachorudisha gharama yake mapema hivyo.

Unene wa shaba umezua ubishi mkali, na pande zote mbili zinakosea kidogo. Madukani mwetu kuna mabomba ya inchi 1/2 yenye unene wa milimita 0.6 na chini yake, wakati viwango vya R-410A hutaka 0.8. Ukifanya hesabu ya kawaida ya chombo cha presha kwa shaba laini, bomba la 0.8 linahimili bar 43 hivi, juu ya presha ya usanifu ya bar 41 na nusu, la 0.6 linaishia bar 32. Wapo wanaohubiri kwamba bomba jembamba litapasuka. Kwenye spliti ya kupoza tu, halitapasuka kirahisi, kwani likiwa kazini hubeba bar 9 hivi na likiwa limelala kwenye joto la mchana hubeba karibu bar 19. Hatari yake iko kwingine: hukunjika vibaya kwenye kona, na mdomo wake wa fleya hauna nyama ya kutosha chini ya nati. Chumvi ya bahari nayo ina safari fupi zaidi ya kulitoboa.

Baada ya kufunga, lazima kazi ithibitishwe, na hapa desturi yetu ni mbaya kuliko kwingine kote. Kinachofanyika mara nyingi ni hiki: nati moja huachwa legevu, vali ya mashine ya nje hufunguliwa kidogo, gesi husukuma hewa kwa sekunde chache, nati hukazwa, kazi imekwisha. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni huku gesi ikiwa tayari ndani.

Njia sahihi huanza na naitrojeni kavu, inayopandishwa kwa hatua hadi presha iliyoandikwa kwenye kibao cha mashine, kisha huachwa usiku kucha. Hapa hesabu ndogo humwokoa mtu na hofu. Ukiacha bar 40 jioni, bomba likiwa na nyuzi 32, asubuhi likiwa na nyuzi 24 geji itasoma karibu 38.9 bila hata tone kuvuja. Gesi imepoa na kusinyaa, basi. Ikisoma 36, kuna ungio linalokudanganya. Oksijeni ya mtungi wa kuchomelea isitumike kabisa kwa kazi hii, hata kwa dakika moja, kwa kuwa oksijeni ya presha kubwa ikikutana na oili hulipuka. Naitrojeni hiyohiyo ndiyo inayopaswa kupita polepole ndani ya bomba wakati wa kuunga kwa moto, kwani shaba iliyopashwa zaidi ya nyuzi 700 ikiwa na hewa ndani hujivika magamba meusi, na magamba hayo husafiri hadi kwenye kapilari na kuiziba.

Kisha pampu ya vakyumu. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kwenye presha ya milimita 760 za zebaki; kwa nyuzi 30 huchemka presha ikishuka hadi milimita 32 hivi. Pampu kwa hiyo hukausha bomba kwa kuyachemsha maji yaliyomo bila moto, na lengo linalokubalika na wengi ni mikroni 500, yaani nusu milimita. Fundi anayetazama geji ya kawaida hawezi kujua kama amefika. Mikroni 5,000 na mikroni 500 zinatofautiana kwa chini ya inchi 0.2 kwenye geji ya inchi 30, na mshale wenyewe karibu unalifunika pengo hilo. Geji husema vakyumu iko tayari dakika mbili baada ya pampu kuwaka, na husema hivyohivyo baada ya saa nzima. Ni kipimo cha mikroni tu kinachotofautisha, na kinatoa zawadi ya ziada: pampu ikizimwa, presha ikipanda kidogo na kutulia kuna unyevu uliosalia, ikipanda bila kusita kuna tundu.

Mafundi wa zamani watasema, na wana haki, kwamba njia ya nati legevu iliwafanyia kazi miaka mingi. R-22 ilitumia oili ya madini, isiyopenda maji. R-410A na R-32 hutumia oili za sanisi, nyingi zikiwa za esta, zinazofyonza unyevu wa hewa na kugeuka asidi, na asidi hiyo hula vanishi ya nyaya za kompresa. Ile namba ya kichwani, psi 65 kwenye geji ya R-22, nayo imepoteza maana. Katika mashine ya inveta, kompresa hubadilisha mwendo kila wakati, na presha hubadilika nayo; mzani peke yake ndio unaojua gesi iliyomo. Zaidi ya hayo, R-22 yenyewe inaaga: chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zetu zinatakiwa kuiacha kufikia 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Nyongeza iliyokubaliwa Kigali Oktoba 2016 imezigeukia gesi zilizoirithi. Gramu 700 za R-410A zikitorokea angani ni sawa na karibu tani moja na nusu ya hewa ukaa. Aliyejaza gesi mara tatu bila kutafuta tundu ametoa zaidi ya tani nne kwa ajili ya nati moja.

Mabadiliko ya gesi yameleta pia hatari ambayo haikuwapo. R-32 huwaka kwa shida, lakini huwaka. R-290, ambayo ni propani safi, huwaka kwa urahisi. Kuna mahali pengine pa kutisha zaidi. Fundi anayehamisha mashine huikusanya gesi kwenye mashine ya nje kwa kuacha kompresa ikivuta. Kama bomba limefunguliwa mapema au lina tundu, kompresa huvuta hewa, huikandamiza pamoja na ukungu wa oili, nao huwaka kama ndani ya injini ya dizeli. Kompresa zimepasuka namna hiyo na watu wamekufa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha: mteja hatalipia usiku mmoja wa naitrojeni. Nalikubali kwa nusu. Mwenye chumba kimoja Tandika, Dar es Salaam, hatalipia. Lakini hoteli, benki na wizara hutoa zabuni kwa maandishi, na hati hizo hutaja chapa na BTU za mashine kwa kina, kisha hulimaliza bomba kwa maneno mawili: "pamoja na ufungaji". Wasanifu majengo nao wana sehemu yao. Jengo la ghorofa nane huchorwa bila njia ya mabomba, mashine za nje hupelekwa paani, na mpangaji wa ghorofa ya pili hujikuta na mpando wa mita 18 kwa mashine ambayo mtengenezaji anairuhusu 10.

Ningependekeza hati ya zabuni idai namba nne ziandikwe kwenye kibandiko ndani ya kifuniko cha mashine ya nje: urefu wa bomba, presha ya naitrojeni na saa ilizokaa, mikroni za mwisho, na gramu za gesi zilizoongezwa. Nitaambiwa namba huandikwa mezani bila kupimwa. Huandikwa, ndiyo, lakini ya kwanza na ya nne zinachungana. Mashine iliyojazwa kiwandani kwa mita 5, ikifungwa kwa mita 15 na kuhitaji gramu 15 kwa kila mita ya ziada, lazima ionyeshe gramu 150. Kibandiko kikisema 400, au kikisema sifuri, mkaguzi hahitaji geji. Anahitaji futi ya kupimia.