Mtoto mwenye jinsi tata: kabla na baada ya upasuaji

Jinsi tata ni hali ya kuzaliwa ambapo viungo vya uzazi havionyeshi wazi kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Si laana wala uchawi.

Nini cha haraka?
Upasuaji mara nyingi husubiri, isipokuwa njia ya mkojo ikiwa imeziba. Vipimo havisubiri: baadhi ya watoto hawa hupungukiwa homoni inayotunza chumvi mwilini. Katika wiki za mwanzo akitapika, akilegea na kukataa kunyonya, anaweza kufa. Mwahishe kituo cha afya. Hospitali za rufaa za kanda zinazohudumia Geita na Shinyanga ni pamoja na Bugando, Mwanza.

Kabla
Muulize daktari: upasuaji huu unatibu nini? Je, mtoto anaweza kukua kwanza aamue mwenyewe? Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kubadilisha au kuondoa viungo vya mtoto mwenye jinsi tata bila ushauri wa daktari wa jenetiki. Siku yenyewe, zingatia saa za kutokula ulizoelekezwa; chakula kilichomo tumboni kinaweza kuingia mapafuni akiwa usingizini.

Baada
Usipake kidonda dawa za kienyeji. Nawa mikono, badilisha nepi mapema, mmalizishe dawa. Rudi hospitali haraka ukiona homa, usaha, damu au mkojo kuziba.