Raga na Jazi: Habari za Kukutana kwa Muziki wa Bara Hindi na Muziki wa Watu Weusi wa Marekani

Muziki wa jazi ulizaliwa miongoni mwa watu weusi wa Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Muziki wa raga wa Bara Hindi ni wa kale zaidi kwa karne nyingi, nao ulilelewa mahekaluni na katika majumba ya wafalme. Mtu atazamaye asili zake tu aweza kudhani kwamba sanaa hizi mbili hazina la kuambiana. Walakini zina jambo moja kubwa la shirika: katika kila moja mpigaji si mtumishi wa waraka uliokwisha andikwa, bali hutunga papo kwa papo mbele ya wasikilizaji wake, akishika kanuni alizozipokea kwa waliomtangulia. Habari za kukutana kwao zastahili kuchunguzwa, maana zaonyesha kwa masharti gani sanaa mbili huweza kuchanganyika pasipo moja kuwa pambo tu la nyingine.

Kwanza hapana budi kueleza maana ya raga. Raga si wimbo, wala si ngazi tupu ya sauti. Ni utaratibu unaoamuru sauti zipi zitumike, zipi zipandiwe na zipi ziteremkiwe, ipi ikaziwe na ipi iguswe kidogo tu; na aghalabu kila raga ina saa yake ya mchana au usiku, au majira yake ya mwaka. Chini yake tambura hushika sauti isiyobadilika tangu mwanzo hata mwisho. Mapigo nayo hufuata mzunguko uitwao tala: tintal ina mapigo 16, na rupak ina 7. Mpigaji aweza kwenda mbali atakavyo, lakini lazima arejee pamoja na mwenziwe kwenye pigo la kwanza la mzunguko, liitwalo sam. Ajuaye ushairi wa Kiswahili hataona ugeni katika jambo hili, kwa kuwa vina na mizani humfunga mshairi, na ndani ya kifungo hicho ndimo ustadi wake unamojulikana.

Jazi ya zamani ilisimama juu ya msingi mwingine. Piano na besi zilipiga sauti kadhaa kwa pamoja, nazo zilibadilika kwa zamu zijulikanazo, kama vile katika blues yenye vipimo 12. Mpigaji wa tarumbeta au saksafoni alitunga juu ya mabadiliko hayo. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Raga haina mabadiliko ya namna hiyo, na jazi haikuzoea kukaa juu ya sauti moja ya kudumu. Mwenye kutaka kuziunganisha alipaswa kuacha kitu.

Makutano ya kwanza yalikuwa Bara Hindi kwenyewe. Mnamo mwaka wa 1935 Leon Abbey, Mmarekani mweusi, alileta bendi yake katika hoteli ya Taj Mahal mjini Bombay, ambao leo waitwa Mumbai. Baada yake Teddy Weatherford, mpiga piano hodari, alipiga Bombay na Calcutta, akafia Calcutta mwaka wa 1945. Wanafunzi wao wakubwa walikuwa Wagoa. Wagoa walitawaliwa na Wareno, na katika shule za kanisa walikuwa wamefundishwa kusoma na kuandika muziki kwa alama za Kizungu. Elimu hiyo iliwapatia kazi katika studio za filamu za Bombay, ambako watungaji wengi walizijua raga lakini hawakuzijua alama hizo. Mmoja wao, Chic Chocolate, mpiga tarumbeta, alifanya kazi na mtungaji C. Ramchandra, mwenye muziki wa filamu ya Albela ya mwaka wa 1951. Nyimbo za filamu za Kihindi zilifika hata pwani ya Afrika Mashariki, ambako waimbaji wa taarabu walitia maneno ya Kiswahili katika sauti zake. Hata hivyo katika nyimbo hizo jazi ilikuwa rangi tu: kila kitu kiliandikwa kabla, na utungaji wa papo kwa papo haukuwa na nafasi kubwa.

Mlango wa pili ulifunguliwa Marekani. Mwaka wa 1959 Miles Davis alitoa sahani yake Kind of Blue, ambayo ndani yake mabadiliko ya sauti yalipunguzwa sana, mpigaji akaachwa atembee katika ngazi moja kwa muda mrefu. Hivyo jazi ilisogea karibu na raga. John Coltrane, aliyekuwa akipiga saksafoni katika sahani hiyo, alisikiliza kwa bidii muziki wa Ravi Shankar, bingwa wa sitari. Mwaka wa 1961 alirekodi mjini New York kipande alichokiita India, na mwanawe aliyezaliwa mwaka wa 1965 alimpa jina la Ravi. Mwaka wa 1964, huko California, Don Ellis na Harihar Rao waliunda kikundi cha watu sita cha kupiga jazi kwa kanuni za Kihindi, na kwa njia hiyo Ellis akajifunza mizunguko ya mapigo ambayo jazi haikuijua.

Jaribio lililopangwa kwa uangalifu zaidi lilifanyika London. John Mayer alizaliwa Calcutta mwaka wa 1930, akaja Uingereza mwaka wa 1952 kusoma, kisha akapiga fidla katika okestra kubwa za mji huo. Joe Harriott alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka wa 1928, akafika Uingereza mwaka wa 1951 na saksafoni yake. Walikutana, basi, watu wawili waliozaliwa katika makoloni, katika mji mkuu wa aliyekuwa mtawala wao. Waliweka wapigaji watano upande wa jazi na watano upande wa Kihindi, wenye sitari, tabla, tambura, filimbi na fidla. Sahani yao ya kwanza, Indo-Jazz Suite, ilitoka mwaka wa 1966, na nyingine mbili zilifuata mwaka wa 1967 na 1968.

Mayer aliandika raga na tala kwa alama, kisha akawaachia wapigaji nafasi za kutunga. Faida yake ilikuwa kwamba watu kumi wa malezi mbalimbali waliweza kwenda pamoja. Hasara yake ni kwamba raga hutaka muda mrefu ili ifunuliwe polepole, na upande mmoja wa sahani hauchukui zaidi ya dakika 20 na kidogo. Harriott alikufa mwaka wa 1973, akiwa na umri wa miaka 44, katika umaskini, kabla kazi yake haijapewa haki yake. Mayer alikifufua kikundi hicho katika miaka ya 1990, akafariki mwaka wa 2004.

Njia ya tatu ilikuwa kinyume cha ile ya London. John McLaughlin, Mwingereza mpiga gitaa aliyekwisha pata jina kubwa Marekani, alijifunza vina, chombo cha nyuzi cha kusini mwa Bara Hindi, na mwaka wa 1975 kikundi chake cha Shakti kilirekodiwa mbele ya watu. Hakikuwa na piano, wala saksafoni, wala ngoma za jazi. Kilikuwa na fidla ya L. Shankar, tabla ya Zakir Hussain, na chungu cha udongo cha T. H. Vinayakram. Hussain alikuwa wa chuo cha kaskazini, na wawili wale wa kusini. Vyuo hivyo viwili navyo havikuzoea kuketi jukwaa moja. Kilichowaunganisha kilikuwa lugha ya mapigo, kwa maana katika vyuo vyote viwili kila pigo la ngoma lina silabi yake, na mwanafunzi huzitamka silabi hizo kwa kinywa kabla mkono haujazifuata. McLaughlin aliingia katika chuo hicho mwenyewe, badala ya kuwaita wenyeji wake waingie katika chake. Kikundi kilisimama mwishoni mwa miaka ya 1970, kikarudi mwaka wa 1997, na sahani yake This Moment ya mwaka wa 2023 ilipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Hussain alifariki Desemba 2024.

Njia hizi tatu zafanana na hali za maneno ya mkopo. Neno geni laweza kutiwa katika usemi kwa urembo. Laweza kuandikwa kwa uangalifu na mtu ajuaye lugha zote mbili. Au laweza kukubali sarufi ya wenyeji hata asili yake isahauliwe. Neno gari lilitoka Bara Hindi, lakini Mswahili husema magari, wala hafikiri kwamba amesema Kihindi. Katika studio za Bombay jazi ilikuwa katika hali ya kwanza, na kwa Mayer na Harriott katika ya pili. Kwa Shakti ilikaribia ya tatu, ila kwa gharama ya kuacha ala zake nyingi. Lakini pasipo kazi ya wale waliotangulia, hata waliokufa bila sifa, McLaughlin asingalikuta njia iliyokwisha fyekwa.