Nani Alipumzika? Historia ya Mvuke, Hamamu na Karafuu za Pemba

Ukitaka kupanga siku ya mapumziko kwenye spa za mtindo wa Finland na jirani zake, mpango wenyewe ni mwepesi. Unakaa kwenye chumba cha joto dakika 10 au 15, unatoka na kujimwagia maji baridi, kisha unajilaza kimya. Unarudia hivyo mara mbili tatu mpaka mwili ulainike. Mpemba ukimweleza habari hii anaweza kukucheka: joto la kulipia? Si tunalo bure tangu asubuhi!

Kicheko hicho kina ukweli wa kisayansi ndani yake, tutaueleza. Lakini kinatusahaulisha kwamba visiwa vyetu navyo vina historia ya joto, mvuke na mafuta ya kunukia, na historia hiyo inatuachia swali zito: siku ya mapumziko ilikuwa ya nani, na nani aliigharamia?

Kwanza, sayansi ya jasho

Hewa ndani ya sauna ya Kifini hufika nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi. Kwa nini mtu haivi? Kwa sababu hewa ile ni kavu, na jasho hukauka haraka. Lita 1 ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilokalori 580, ambalo lingetosha kuchemsha karibu lita 6 za maji yaliyo baridi kama barafu. Ngozi inapoa huku chumba kinawaka. Mishipa ya damu inatanuka na moyo unaenda mbio kama wa mtu anayetembea kwa haraka. Ukiingia kwenye maji baridi, mishipa inabana tena.

Sasa njoo Pemba mwezi wa Machi. Hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho linatiririka lakini halikauki, kwa hiyo halipozi kitu. Ndiyo maana joto la nyuzi 32 tu linatuchosha. Na ndiyo maana hamamu, yaani bafu la mvuke la Kiajemi na Kituruki, huwa na joto la nyuzi 40 hadi 50 hivi. Mvuke ukiwa mwingi, mwili hauna njia ya kujipoza, na nyuzi 90 zingekuunguza.

Hamamu iliyojengwa juu ya karafuu

Ukienda Unguja, panda mpaka Kidichi. Huko kuna hamamu aliyoijenga Sayyid Said bin Sultan mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrzad, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Kuta zake zimepambwa kwa maua na ndege wa chokaa, kazi ya mafundi wa mtindo wa Kiajemi. Jirani yake, Kizimbani, kuna hamamu nyingine isiyo na mapambo.

Mahali penyewe panasema mengi. Kidichi na Kizimbani yalikuwa mashamba ya karafuu ya Sultani, na karafuu ndiyo iliyolipia anasa za kasri. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Hamamu nayo haijipashi moto yenyewe. Inataka kuni, inataka maji, inataka mtu wa kuchochea moto tangu alfajiri ili mwingine apumzike adhuhuri.

Na Pemba inaingia wapi? Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, basi kitovu cha zao hili kikahamia Pemba, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka huko.

Miaka hiyohiyo, Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijenga Mji Mkongwe hamamu ya watu wote, zile zinazoupa mtaa wa Hamamni jina lake. Zilikuwa na vyumba vya moto, madimbwi ya maji baridi na sehemu ya kunyolea, yaani mpango uleule wa joto, baridi na mapumziko. Huduma ilitoka kasrini ikafika mjini, kwa mwenye pesa ya kuingilia. Mchumaji wa karafuu wa Pemba, ambaye jasho lake lilikuwa sehemu ya utajiri wa enzi hiyo, alikuwa ng'ambo ya mkondo wa bahari.

Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Lakini masuria hawakuhusishwa na sheria ile. Wao walisubiri hadi 1909.

Spa ya wasio na hamamu

Je, watu wa kawaida hawakuwa na lao? Walikuwa nalo, ila halikujengewa kuba. Lilikaa ndani ya nyumba, mikononi mwa wanawake.

Mfikirie mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua. Kwa mila ya pwani, hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji wa pilipili manga, na kazi nzito huondolewa mikononi mwake. Mfikirie pia bwana harusi anapongoja, na biharusi yuko ndani anasingwa: singo huchanganywa kwa vitu kama langilangi, asumini, waridi, liwa na karafuu, ikasuguliwa mwilini mpaka ngozi ing'are. Anayesimamia ni somo au kungwi, mjuzi ambaye elimu yake haina cheti lakini ina miaka mingi ya kufanya kwa mkono.

Hapa Wafini wanatukuta. Zamani wanawake wa Finland walijifungulia ndani ya sauna, kwa sababu ndiyo iliyokuwa sehemu safi, yenye joto na maji ya moto karibu. Kwa hiyo asili ya kile kinachouzwa leo kama starehe ni kumtunza mtu aliyechoka kweli.

Tofauti iko kwenye mgao. Finland ina watu kama milioni 5.5 na sauna zipatazo milioni 3. Tajiri anayo, mpangaji wa ghorofa naye anayo. Mwaka 2015 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya kufuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20: walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kidogo kwa maradhi ya moyo kuliko walioingia mara moja. Tahadhari: utafiti wa aina hii unaonyesha mambo mawili yakiandamana, hauthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Huenda mwenye afya na nafasi ndiye anayeweza kwenda mara nyingi. Hata takwimu, basi, zinarudi kwenye swali letu: nani ana wakati wa kupumzika?

Ukipanga siku yako

Pemba bado inafanya kazi kwa mvuke. Kiwanda cha makonyo kilichoko Wawi, Chake Chake, hupitisha mvuke kwenye vikonyo vya karafuu. Mafuta hupanda pamoja na mvuke, ukipozwa maji yanajitenga na mafuta. Ndani yake mna eujenoli, kemikali ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Usiyapake yakiwa makali hivyohivyo, yatakuchoma. Yachanganye kidogo sana na mafuta ya nazi.

Katika hali yetu ya hewa, cha thamani ni ubaridi. Kwa hiyo anza na joto la muda mfupi, jimwagie maji ya kisima, lala kivulini, kunywa maji. Mwenye maradhi ya moyo, mjamzito, au mzazi aliyepasuliwa aulize kwanza kituo cha afya. Kujifukiza hakutibu malaria wala korona.

Na kabla ya kujilaza, angalia nani amechota maji yale, nani amepasua kuni, nani ametwanga liwa. Kama ni mama yako au dada yako, basi siku ya kupumzika inayofuata ni yake, na kuni utapasua wewe.