Kulinganisha rangi: skrini, printa na karatasi

linganisha *kitenzi elekezi* 1 tazama vitu viwili au zaidi ili kujua vinavyofanana na vinavyotofautiana: *Mwalimu alilinganisha insha mbili.* 2 fanya vitu viwe sawa au vikubaliane: *Fundi alilinganisha miguu ya meza.*

Katika matumizi mengi maana hizi mbili hukaa pamoja bila kuleta utata, kwa kuwa muktadha humwongoza msomaji. Hali hubadilika katika maelekezo ya kuchapa picha nyumbani. Sentensi "Linganisha rangi za skrini na za printa" yaweza kumtaka msomaji atazame tofauti, au aiondoe. Hizo ni hatua mbili, na kila moja hufanywa kwa wakati wake na kwa chombo chake. Msomaji akielewa maana ya kwanza pale mwandishi alipokusudia ya pili, atatazama, ataona picha imetoka ikiwa na giza, kisha atachapa tena vilevile. Wino na karatasi vitapotea, na maelekezo yataonekana hayana msaada.

Rangi: neno moja, vitu viwili

Neno *rangi* hutaja kile jicho linachokiona (*rangi ya anga*) na pia kitu kinachopakwa au kutiwa (*kopo la rangi*, *kutia nguo rangi*). Tofauti ya skrini na karatasi imo ndani ya maana hizo mbili.

Skrini hutoa mwanga: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mwanga mwekundu ukichanganyika na wa kijani, jicho huona manjano. Mitatu yote ikiwaka kwa nguvu kamili, jicho huona weupe. Karatasi haina mwanga wake, bali huakisi ule unaoiangukia. Wino uliowekwa juu yake hufyonza sehemu ya mwanga huo: wino wa siani hufyonza wekundu, wa majenta hufyonza ukijani, na wa manjano hufyonza ubuluu. Weupe wa picha ni weupe wa karatasi yenyewe mahali ambapo wino haukupita.

Kwa sababu hiyo *upeo wa rangi*, yaani jumla ya rangi ambazo chombo kinaweza kuzionyesha, haufanani baina ya skrini na printa. Kijani kikali na buluu kali ya skrini mara nyingi hazina mwenzake kwenye karatasi, na baadhi ya siani za wino huzidi upeo wa sRGB, mfumo wa rangi uliopendekezwa na Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996, ambao hadi leo hutumiwa na kamera na skrini nyingi. Mwandishi makini hasemi kwamba rangi zitakuwa "sawasawa". Kitenzi cha kweli hapa ni *kukaribiana*.

Chapa, chapisha, safisha

*Kuchapa* ni kuhamishia maandishi au picha kwenye karatasi kwa mashine. *Kuchapisha* kwa asili ni kusababisha kitu kichapwe, ndipo ikaja maana ya kutoa kitabu au gazeti kwa umma. Katika simu na mitandao ya kijamii, kitufe cha "Chapisha" huweka picha hadharani. Maelekezo yanayosema "Chapisha picha" yanaweza kumfanya mtu aweke mtandaoni picha ya familia aliyotaka kuiweka ukutani. Kwa kazi ya printa, *chapa* ni salama zaidi.

*Kusafisha picha* ni matumizi yaliyobaki kutoka enzi za filamu, picha ilipotayarishwa na kuoshwa kwa dawa katika chumba cha giza. Katika mazungumzo bado hueleweka kuwa ni kupata picha ya karatasi, lakini katika programu za kompyuta hugongana na maana ya kuondoa madoa ya picha. Liachwe kwa mazungumzo.

*Kioo* kwa maana ya skrini nalo ni la mazungumzo. "Safisha kioo kabla ya kupima rangi" ni sahihi kabisa, kwa kuwa hapo kinachotajwa ni uso wa chombo. "Rangi za kioo" huleta mkanganyo.

Majina ya wino

Printa nyingi za nyumbani hutumia aina nne za wino, ambazo katriji zake huandikwa herufi C, M, Y na K. Manjano (Y) na nyeusi (K) hazina tatizo. Tatizo lipo katika mbili zinazobaki.

C mara nyingi hufasiriwa *samawati*. Neno hilo lina asili ya Kiarabu na hubeba rangi ya mbingu; kwa wasemaji wengi ni buluu iliyofifia. Wino wa C umeelekea kijani, na haukufifia. M hufasiriwa *zambarau*, *waridi* au hata *nyekundu*. Zambarau imepewa jina la tunda, na rangi yake imekoza kuliko wino huo.

Hasara ya tafsiri hizi huonekana wakati wa kurekebisha picha. Picha iliyozidi ukijani hurekebishwa kwa kuongezewa majenta. Mfasiri akiandika "ongeza nyekundu", msomaji atapata tokeo jingine, kwa sababu nyekundu katika wino ni majenta pamoja na manjano: ukijani utapungua, lakini picha itageuka kuwa ya manjano. Katika maandishi ya kiufundi inafaa kutumia *siani* na *majenta*, na kubakiza herufi za katriji: *wino wa majenta (M)*.

Upatanisho wa kisarufi uzingatiwe. Vivumishi vya asili hufuata ngeli: *wino mweusi*, *karatasi nyeupe*, *mwanga mwekundu*. Majina ya rangi yatokanayo na vitu au lugha nyingine hutumia kihusishi -a: *wino wa manjano*, *karatasi ya buluu*, *mwanga wa kijani*. Sifa inapozidi, nomino dhahania hueleza vizuri zaidi: "picha imezidi wekundu" si sawa na "picha ni nyekundu".

Giza, kukoza, kufifia

Lalamiko la kawaida ni kwamba picha imetoka "nyeusi". Mara nyingi wino hauna kosa; ni skrini iliyowekewa mwangaza mwingi mno, hata picha yenye giza ikaonekana angavu. Istilahi zitenganishwe: *mwangaza* ni wingi wa mwanga, na kinyume chake ni *giza*, *rangi iliyokolea* ina nguvu, na kinyume chake ni *iliyofifia*, *rangi iliyokoza* imeelekea weusi. Anayeambiwa "ongeza kukolea" wakati kinachotakiwa ni mwangaza atapata nyuso zenye wekundu usio wa kawaida, na giza litabaki palepale.

Kusawazisha na wasifu

*Kusawazisha skrini* ni kuirekebisha ifikie kipimo kinachojulikana. Hufanywa kwa *kipimarangi*, neno lililoundwa kwa mfano wa *kipimajoto*: chombo kinachowekwa juu ya skrini kupima mwanga wake. *Wasifu wa rangi* ni faili linaloeleza jinsi skrini, au printa pamoja na aina fulani ya karatasi, inavyotoa rangi. Wasifu wa karatasi inayong'aa haufai kwa isiyong'aa, kwa kuwa karatasi hizo hupokea wino kwa namna tofauti. Faili hizi hufuata mfumo wa ICC, chombo kilichoasisiwa mwaka 1993 ili vifaa vya kampuni mbalimbali viweze kuelewana.

Ugeuzaji wa rangi ufanywe mahali pamoja: ama na programu ya picha, ama na programu ya printa. Zote mbili zikigeuza, rangi hurekebishwa mara mbili na kuharibika.

Mfano wa maelekezo

Tafsiri isiyofaa: *Linganisha rangi za skrini na printa, kisha chapisha.*

Tafsiri inayofaa:

1. *Punguza mwangaza wa skrini hadi weupe wake ukaribiane na ule wa karatasi nyeupe iliyo kando yake, chini ya taa utakayoitumia kutazama picha.*
2. *Sawazisha skrini kwa kipimarangi.*
3. *Katika programu ya picha, chagua wasifu wa printa na wa karatasi iliyomo, kisha zima ugeuzaji wa rangi katika programu ya printa.*
4. *Chapa kipande kidogo cha majaribio na ukiache kikauke.*
5. *Kilinganishe na skrini chini ya mwanga mweupe.*

Katika hatua ya tano *linganisha* lina maana ya kwanza pekee, kwa sababu kazi ya maana ya pili imekwisha kufanywa na *sawazisha*. Kutaja mwanga ni lazima. Weupe wa skrini kwa kawaida huwekwa karibu na kelvini 6500, na kiwango cha kutazamia picha zilizochapwa ni karibu na kelvini 5000. Taa ya manjano ya sebuleni iko chini ya hapo, na huipa picha umanjano ambao printa haikuuweka.

Muhtasari wa matumizi

- *linganisha*: tazama tofauti baina ya skrini na picha ya karatasi.
- *sawazisha*: rekebisha chombo kifikie kipimo.
- *karibiana*: hali inayotarajiwa baada ya kazi.
- *oana*: kupendeza pamoja, kama kanga na blauzi, halifai kwa picha na nakala yake.
- *chapa*: toa kwenye karatasi.
- *chapisha*: toa kwa umma.